Jinsi ya kuwaingiza watu wako Mastodon: hatua kwa hatua

"Nimeingia lakini sioni kitu." "Seva ndiyo nini?" "Hii ni ya nani, na anapata faida gani?" "Kwa hiyo WhatsApp tunaacha?" Kila anayejaribu kuwavuta ndugu au wanakikundi wenzake kuingia Mastodon hukutana na maswali haya, karibu kwa mpangilio huohuo, na wengi hukata tamaa kwenye swali la pili. Nimeyajibu hapa kwa pamoja. Simwandikii anayefungua akaunti yake ya kwanza. Nakuandikia wewe uliyekwisha kuingia, ukapapenda, na sasa unataka mama mdogo, katibu wa kikundi na majirani nao wawemo.

Nadharia ni fupi. Mastodon ni mtandao wa kijamii, wa kuandika na kufuatana, unaoendeshwa na programu huria iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani. Mtandao mzima hauna mmiliki mmoja: yeyote mwenye ujuzi anaweza kuiweka programu hiyo kwenye seva yake (kompyuta iliyounganishwa na intaneti muda wote, inayotunza akaunti za watu) na kuwapokea watu, na mtu wa seva moja humfuata na kumjibu wa seva nyingine kama vile mwenye laini ya Airtel anavyompigia wa Vodacom. Mfano huu wa laini hata bibi anauelewa. Zaidi ya hapo usieleze, mpaka uulizwe.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu kurasa ambazo vikundi vyetu vimezijenga kwa miaka ziko mikononi mwa kampuni chache. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Zote ni za kampuni moja, na hitilafu moja ilizilaza zote. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021 kuelekea uchaguzi, na waliokuwa wakiuza bidhaa zao humo wakalazimika kutumia VPN (programu ya kupenya vizuizi vya intaneti) au kutafuta wateja kwingine. Tanzania nako X (zamani Twitter) ilifungiwa Mei 2025. Seva ya Mastodon nayo inaweza kufungiwa, hilo ni kweli. Ila seva ni nyingi, na mwenye akaunti anaweza kuhamia nyingine na wafuasi wake wakaja naye.

Kabla ya kuanza

Hakikisha una haya mkononi:

- Kikundi kidogo cha watu wanaojuana tayari. Watano hadi kumi wanatosha. Usimlete mmojammoja: mtu peke yake akiingia anakuta kimya, anatoka, na kumrudisha ni kazi kubwa kuliko kumleta.
- Jambo la hadharani linalowaunganisha: bei za mazao, ratiba ya mechi za mtaa, vitabu mnavyosoma, ufugaji wa kuku, matangazo ya kwaya. Mambo ya siri ya familia yabaki yalipo.
- Akaunti yako mwenyewe iliyo hai, yenye picha, maelezo na machapisho kadhaa.
- Barua pepe inayofunguka kwa kila mmoja. Hili lichunguze siku chache kabla. Watu wengi walifunguliwa barua pepe na fundi simu siku waliyonunua simu, na hawajui hata neno lake la siri. Wengine wanatumia ya fundi mwenyewe! Kama hali ndiyo hiyo, fungueni barua pepe mpya kwanza, siku nyingine kabisa, mtu asichoke kabla kazi haijaanza.
- Bando la kawaida la intaneti. Vifurushi vingi vinavyouzwa kama vya mitandao ya kijamii hufungua WhatsApp, Facebook na Instagram tu. Mtu mwenye kifurushi hicho akifungua Mastodon itagoma au itamla salio, naye atasema "programu yako mbovu". Mwambie mapema.
- Muda wa kukaa pamoja, ana kwa ana, baada ya kikao au chakula. Kuelekeza kwa sauti za WhatsApp hakufanikiwi.

Hatua

1. Tafuta sababu yao, achana na yako. Wewe umeingia kwa sababu ya uhuru, faragha au kuchoshwa na matangazo. Wao hawana shida hizo leo. Waulize kinachowakera katika ukurasa walionao. Katibu atakwambia kwamba anaweka tangazo la kikao na nusu ya wanachama hawalioni mpaka kikao kipite. Hiyo ndiyo sababu yako. Kwenye Mastodon ukurasa wa nyumbani hupangwa kwa muda: jipya juu, la zamani chini, na kila unayemfuata unamwona. Mwambie hivyo hivyo: "Katibu, ukiandika huku, kila anayekufuata linamfikia. Hulipii na hakuna anayelificha."

   Usitumie maneno kama itifaki, ugatuzi wa data au ActivityPub siku ya kwanza. Na usiwatishe kuhusu Facebook. Anayetishwa hufunga simu akaenda zake.

2. Chagua seva wewe, uwape moja tu. Hapa ndipo wengi wanapowapotezea watu wao. Unampa mtu orodha ndefu ya seva, unamwambia "chagua unayoipenda", naye hajui achague kwa kigezo gani. Chagua wewe, kwa niaba yao, na wote waanze mahali pamoja.

   Tazama kwenye joinmastodon.org. Seva zilizoorodheshwa pale zimekubali masharti ya msingi: kusimamia matusi na ubaguzi, kuhifadhi nakala kila siku, kuwa na mtu wa pili anayeweza kuingia kwenye mitambo dharura ikitokea, na kutoa taarifa angalau miezi 3 kabla ya kufunga. Sharti hilo la mwisho lina uzito, maana seva huwa zinafungwa kweli. Mwaka 2023 mmiliki wa seva ya mastodon.lol alitangaza kuifunga, na watu wake wakahama kwa utaratibu kwa sababu walijua mapema.

   Fungua ukurasa wa maelezo wa seva uone nani anaiendesha, sheria zake ni zipi, imekuwepo muda gani na nani anagharamia. Kama huna muda wa kupekua, mastodon.social inafaa, ndiyo inayoendeshwa na watengenezaji wenyewe. Wapo wanaolalamika kwamba imekuwa kubwa mno na inavunja maana ya kugawana seva. Wana hoja, lakini mgeni anahitaji mlango unaofunguka, na kuhama baadaye kunawezekana.

   Wengine watakuuliza habari ya Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii. Ni rahisi kwa mtu mmoja anayetaka kufuata habari na mpira, na tangu Februari 2024 yeyote anaingia bila mwaliko. Kwa kikundi mimi napendelea Mastodon, kwa sababu watumiaji wengi wa Bluesky bado wako kwenye mitambo ya kampuni yake. Usigombane na mtu kwa hili.

3. Jaza nyumba kabla wageni hawajafika. Akaunti mpya ina ukurasa mtupu, na ukurasa mtupu ndio unaowafukuza watu wengi kuliko sababu nyingine zote. Kwenye Mastodon hakuna mashine ya kukuletea vitu usivyoviomba. Kwa hiyo wewe fanya kazi hiyo: tafuta akaunti ishirini hivi zinazohusu jambo lao, zinazoandika mara kwa mara. Tafuta kwa alama za reli (hashtag) kama #Kiswahili, na za mada yenu kwa Kiswahili na Kiingereza.

   Kisha wafuate wewe kwanza, ingia kwenye mipangilio kwa kutumia kivinjari, pakua orodha ya unaowafuata kama faili la CSV (faili la jedwali la kawaida), ufute usiowahitaji. Faili hilo kila mwanakikundi ataliingiza kwenye akaunti yake kwa mara moja, na ukurasa wake utaanza kujaa siku hiyohiyo. Kazi hii haifanyiki ndani ya programu ya simu. Lazima iwe kivinjari.

   Ongeza pia alama za reli zenyewe. Mtu anaweza kufuata alama ya reli kama anavyomfuata mtu, na kila chapisho lenye alama hiyo linalofika kwenye seva yake litamjia.

4. Fungueni akaunti pamoja. Seva nyingi hukuruhusu kutengeneza kiungo cha mwaliko kwenye mipangilio, na unaweza kuchagua kwamba anayekitumia akufuate moja kwa moja. Tengeneza hicho, kitume kwenye kundi lenu la WhatsApp, kila mtu akibonyeze palepale mkiwa mmekaa.

   Jina la akaunti liwe fupi na lisiwe na tarakimu za ovyo, kwa sababu litatamkwa kwa mdomo: "nitafute kwa jina fulani, kwenye seva fulani". Neno la siri liandikwe kwenye daftari la mwenyewe, kwa mkono wake. Usiliandike kwenye daftari lako na usilikariri. Kisha afungue barua pepe na kubonyeza kiungo cha uthibitisho kabla hamjainuka. Bila uthibitisho akaunti haifanyi kazi.

   Simu ikiwa imejaa, msimlazimishe mtu kufuta picha za wajukuu. Fungua seva kwenye kivinjari, kisha kwenye menyu chagua kuweka njia ya mkato kwenye skrini ya mwanzo. Itafunguka kama programu ya kawaida. Mwenye nafasi na simu ya Android anaweza kuweka Tusky, programu nyingine ya kutumia Mastodon ambayo ni nyepesi, au programu rasmi ya Mastodon.

   Onyo: shika mikono yako. Ukimnyang'anya mtu simu ili umsetie haraka, umemtengenezea akaunti ambayo ni yako. Kesho hatajua aanzie wapi. Abonyeze mwenyewe hata kama inachukua muda.

5. Salamu ya kwanza ijibiwe palepale. Kila mmoja aweke picha, sentensi moja ya kujieleza, kisha aandike salamu. Chapisho moja kwa kawaida lina nafasi ya herufi 500, kwa hiyo hakuna haja ya kubana maneno. Kabla ya kutuma achague lugha ya chapisho kuwa Kiswahili. Imo kwenye orodha, na inasaidia wanaosoma Kiswahili kulipata.

   Sasa kazi yako. Mfugaji akiandika, "Habari zenu, nafuga kuku wa kienyeji, nawakaribisha wenye uzoefu wa chanjo ya mdondo," usimpe nyota ukaishia hapo. Mjibu kwa swali la kweli: "Karibu sana mama. Kuku wako unawachanja kila baada ya muda gani?" Kisha mwombe mtu wa nje ya kikundi, unayemfahamu huko, naye amsalimie. Simu yake ikilia kwa jibu la mgeni anayeelewa kuku, hutahitaji kumshawishi tena.

6. Fundisha vitufe vitatu tu. Kujibu, kusambaza na nyota. Nyota si sawa na kupenda kwa Facebook: inamfurahisha mwandishi lakini haimfikishii chapisho mtu mwingine yeyote. Kinachofikisha ni kusambaza. Wageni wengi hutoa nyota wiki nzima kisha wanashangaa kwa nini tangazo la kikundi halikuenda popote. Lirudie hili mpaka lizoeleke.

   La pili ni alama ya reli. Utafutaji wa Mastodon haumpekui kila mtu. Hutafuta ndani ya machapisho ya waliokubali tu. Chapisho lisilo na alama ya reli ni vigumu mgeni kuliona. Kubalianeni alama moja ya kikundi, na kila neno lianze kwa herufi kubwa, mfano #UfugajiWaKuku, ili hata wasioona wanaosomewa na simu wasikie maneno yaliyotenganishwa.

7. Punguza ulaji wa bando. Kwenye mipangilio zima picha za kujongea zinazojicheza zenyewe. Tusky ina sehemu ya kuzuia picha zisipakuliwe mpaka uzibonyeze. Iwashe kwa wenye bando dogo. Fanyeni siku hiyohiyo. Mtu aliyekatwa bando na programu yako hakuulizi, anaifuta.

8. Habari ianzie huko. Hii ndiyo hatua inayoamua kama watu watabaki. Katibu aandike tangazo Mastodon kwanza, kisha anakili kiungo chake akibandike kwenye kundi la WhatsApp. Chapisho la hadharani kwenye seva nyingi linasomeka hata kwa asiye na akaunti, kwa hiyo hakuna anayeachwa nje, na wasiojiunga wanazoea kuona mahali pale kidogo kidogo. Akikosea tarehe, analihariri palepale, na kiungo kilekile kinaonyesha iliyosahihishwa.

   Ufunguo wa hatua hii ni uvumilivu wa mtu mmoja. Lazima awepo anayeandika kila wiki, iwe Jumatatu bei za sokoni au Ijumaa ratiba ya mechi. Kama huna mtu huyo, usianze bado. Mtafute kwanza.

   Usiwaambie wafunge akaunti za zamani. WhatsApp ibaki kwa mazungumzo ya ndani, Facebook ibaki kwa waliozoea. Anayeambiwa achague kati ya wajukuu zake na programu mpya, jibu lake unalijua.

9. Wiki ya pili, zungumzieni usalama. Kuna mambo manne, na yote yasemwe kwa uwazi.

   Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa ufunguo kama wa WhatsApp. Mwendesha seva anaweza kuusoma akitaka. Namba za M-Pesa, vitambulisho na siri za ugonjwa zisipite humo.

   Ukimtaja mtu wa tatu kwa alama ya @ ndani ya ujumbe wa faragha, naye ataupokea ujumbe huo. Watu wamegombana kwa hili. Ukimsema mtu, usimtaje kwa anwani yake. Na heri usimseme kabisa.

   Ukifuta chapisho, seva yako hutuma taarifa kwa seva nyingine zifute nazo, lakini huna uhakika kwamba zote zimetii.

   Sheria za nchi zinakufuata popote. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na seva kuwa Ujerumani hakumkingi mwandishi aliyeko Mwanza au Kisumu. Vilevile intaneti ikizimwa nchi nzima, Mastodon nayo haipo. Usiwaahidi watu kinga ambayo huna.

Yakikwama

*"Namtafuta rafiki yangu simpati."* Anaandika jina tu. Akiwa seva nyingine, andika anwani nzima kwenye kisanduku cha kutafutia: @jina@seva, bila nafasi katikati. Ikikataa, mwombe rafiki akutumie kiungo cha ukurasa wake, ukibandike kwenye kisanduku hichohicho.

*"Nimefungua ukurasa wake, mbona hana machapisho ya zamani?"* Seva yako huanza kupokea ya mtu pale mtu wa seva hiyo anapomfuata. Ya nyuma yapo kwenye seva yake. Bonyeza kufungua ukurasa wa asili. Kuanzia leo mapya yatakufikia.

*"Barua ya uthibitisho haijafika."* Angalia folda ya barua taka kwanza. Kisha hakikisha anwani haikukosewa, "gmail.con" huonekana sana. Seva nyingine huidhinisha kila ombi kwa mkono, kwa hiyo subirini kidogo kabla ya kujiandikisha upya.

*"Naambiwa niingie, lakini neno la siri linakataa."* Mara nyingi amechagua seva tofauti kwenye programu. Akaunti ipo kwenye seva moja tu; aandike jina la seva yake sawasawa.

*"Kuna mtu ananitukana."* Mzuie na uripoti. Matusi yakitoka kwa wengi wa seva moja, unaweza kuizuia seva nzima kwenye akaunti yako. Mwendesha seva asiposhughulikia ripoti zenu mara kwa mara, hiyo ni sababu tosha ya kuhama.

*"Seva yetu inafungwa" au "hatuipendi tena."* Usifute chochote. Fungua akaunti kwenye seva mpya. Ndani ya hiyo mpya, kwenye mipangilio ya akaunti, itambulishe ile ya zamani. Kisha nenda kwenye ya zamani uagize kuhamia mpya. Wafuasi watahamishwa wenyewe. Unaowafuata hawahami, kwa hiyo pakua faili lao la CSV kabla na uliingize upande wa pili. Machapisho ya zamani hayahami. Omba nakala ya kumbukumbu zako uihifadhi. Ukishahama, utasubiri siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuhama tena, basi chagua kwa utulivu. Tofauti na kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba, hapa anwani yako inabadilika, hivyo ibadilisheni pia kwenye mabango na kadi za kikundi.

*"Watu wameacha kuingia."* Angalia lini mara ya mwisho tangazo lilianzia Mastodon. Kama katibu amerudi kuandika WhatsApp kwanza, anzeni tena na hatua ya 8. Kama anaandika na bado kimya, ongeza akaunti mpya kumi za kufuata na uulize swali moja ambalo kila mwanakikundi ana jibu lake, kwa mfano bei ya debe la mahindi kwenye soko lililo karibu naye leo.